Hivi nani alianzisha haya mateso? Mazoezi ya lazima vyuoni, karne ya 19

#1 Mzee wa Kasia

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu yuko chuo cha ualimu. Kila alfajiri mchakamchaka, umande mpaka magotini, na mkufunzi nyuma na filimbi. Juzi kanipigia analalamika: "Kaka, hivi nani alianzisha haya mateso?" Nikacheka, nikakata simu, kisha swali likanikaa kichwani. Nikaingia kusoma.

Kwa chuo kuwalazimisha wanafunzi wote na kuifanya kazi hiyo idara kamili, wengi wanaanzia Amherst, chuo kidogo cha Massachusetts, Marekani. Mwaka 1859 rais wa chuo, William Stearns, aliwaeleza wadhamini kwamba afya za wanafunzi zinavunjika, hasa majira ya kuchipua. Vijana wakulima walikuwa wanaingia wazima, wanakaa na Kilatini na Kigiriki miaka kadhaa, wanatoka wamekonda kama fito. Wengine hawakumaliza kabisa. Wakajenga ukumbi wa mazoezi, wakafungua idara ya afya na mazoezi ya viungo, na mwaka 1861 ikashikwa na daktari aliyeitwa Edward Hitchcock. Huyu bwana alikaa pale hadi alipofariki 1911. Miaka 50 kiti kimoja!

Utaratibu wake: siku nne kwa wiki, nusu saa, darasa zima limevaa sare, vyuma vya mbao mikononi, piano inapigwa, wanakwenda kwa mapigo. Na kila mwanafunzi anapimwa: urefu, uzito, kifua, mkono, pumzi. Daftari likajaa mwaka hadi mwaka.

Cha kuchekesha, baba yake naye aliitwa Edward Hitchcock, naye aliwahi kuwa rais wa chuo hichohicho. Mzee alikuwa mtu wa miamba, maarufu kwa kukusanya na kupima nyayo za dainosari (yeye akidhani ni za ndege wakubwa). Baba kapima nyayo, mwana kapima vifua. Ukoo wa futi kamba.

Ninachodai: mazoezi vyuoni yalianza kwa hofu ya vifo. Burudani ilikuja baadaye. Karibuni mnipinge.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa. Kahawa iko jikoni.

#3 Bwana Ndivyo

Mkuu umeanzia katikati ya filamu. Rudi nyuma miaka 50.

Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, pembeni ya Berlin, mwaka 1811. Kwa nini 1811? Kwa sababu 1806 Napoleon aliwasambaratisha Waprusia kule Jena, na Jahn alitaka vijana wenye misuli ya kumtoa Mfaransa. Kuning'inia kwenye upau, kuruka farasi wa mbao, kupanda kamba: yote ilikuwa maandalizi ya vita yaliyovishwa jina la mchezo. Wanafunzi wa vyuo wakajaa.

Baada ya Napoleon kuondoka wale vijana hawakutulia, wakaanza kudai Ujerumani moja na katiba. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja, Karl Sand, akamuua kwa kisu mwandishi Kotzebue. Serikali ikakasirika, Jahn akakamatwa, na Prussia ikapiga marufuku mazoezi ya namna ile hadi 1842.

Waliokimbia ndio walioyavusha bahari. Charles Beck akawa mwalimu wa Kilatini na mazoezi pale shule ya Round Hill, Massachusetts, 1825. Charles Follen, aliyekuwa rafiki wa yule Sand, akaanzisha mazoezi Harvard 1826. Kwa hiyo jibu la mdogo wako ni hili: mateso yake yameletwa na wakimbizi wa kisiasa.

#4 Pilipili Hoho

Yaani kuna nchi ilipiga marufuku upau wa kuning'inia kwa miaka ishirini na ushee? Na mimi hapa nimelipia jimu miezi mitatu nimekwenda mara mbili. Ningezaliwa Prussia ningekuwa raia mwema.

#5 Chuma Zege

Subirini kwanza. "Vyuma vya mbao"??? Mleta uzi, chuma cha mbao ni kitu gani?

Sisi mtaani kwetu tulimimina zege kwenye makopo ya rangi, tukachomeka bomba katikati, tukaacha likauke siku tatu. Kopo moja lilikuwa na zege nyingi kuliko jingine, ndiyo maana mpaka leo bega langu la kulia limepanda juu ya la kushoto. Hayo ndiyo mazoezi. Mtu ananyanyua mbao huku piano inalia, si ni taarabu hiyo?

#6 Mzee wa Kasia

#5 umeniua mbavu.

Mbao zilikuwa na sababu. Enzi zile kulikuwa na mtu Boston anaitwa Dio Lewis, alifungua chuo cha kufundisha walimu wa mazoezi 1861. Hoja yake: vyuma vizito vinamfaa aliye na nguvu tayari, wengine vinawaumiza. Yeye akawafikiria wanawake, wazee, wanene. Mbao nyepesi, pete za mbao, vifuko vya kunde vya kurushiana, muziki. Alitaka wepesi na mkao mzuri. Amherst wakachukua mtindo huo kwa kiasi kikubwa. Bega lako lingepona pale.

#3 nakubali kuhusu Jahn, ila kuanzisha siyo kulazimisha. Wale wa Follen walikwenda kwa kupenda, msisimko ukapoa ndani ya muda mfupi, vifaa vikabaki vinaangaliana. Swali langu ni lile la lazima.

#7 Kijana wa Kona

Mnazunguka sana. Michezo ya vyuo Marekani ilianza tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton, mpira wa miguu, watu 25 kila upande, Rutgers 6 Princeton 4. Mazoezi yakafuata ili watu washinde. Rahisi hivyo.

#8 Nahodha Mstaafu

#7 kijana, umechelewa miaka 17. Na hata besiboli imekutangulia: Amherst waliwafunga Williams 73 kwa 32 tarehe 1 Julai 1859. Siyo makosa ya kuandika, ni sabini na tatu.

Vyuo viwili kushindana Marekani kulianza kwenye maji. Tarehe 3 Agosti 1852, ziwa Winnipesaukee, New Hampshire, Harvard na Yale walishindana kupiga makasia. Na nani aliitisha? Siyo rais wa chuo, siyo daktari. Ni msimamizi wa reli, James Elkins! Reli yake ilipita huko ziwani, akataka abiria wa likizo. Akawaambia vijana: njooni mpige makasia, gharama zote juu yetu. Watu wakajaa, Harvard wakashinda, wakapewa makasia ya zawadi yenye fedha, na mkabidhi alikuwa Jenerali Franklin Pierce, ambaye miezi michache mbele alichaguliwa kuwa rais wa nchi.

Kwa hiyo wakati nyie mnasema hofu ya kifo na Napoleon, mimi nasema tiketi za treni. Mdhamini alikuwepo tangu siku ya kwanza.

#9 Pwani Raha

Yale na Harvard watoto. Oxford na Cambridge walicheza kriketi 1827, na makasia wakashindana pale Henley 1829, Oxford wakashinda.

Huku kwetu Unguja mashindano ya ngalawa hakuna aliyehitaji reli wala daktari. Upepo ukija watu wanatoka.

#10 Dawa Chungu

Kwa vile #9 kataja makasia ya Uingereza, niongeze kitu kinachomgusa mleta uzi, maana kinamrudi.

Mleta uzi anasema madaktari waliogopa vitabu vitaua wanafunzi. Sawa. Lakini madaktari wengine waliogopa michezo yenyewe itawaua! Mwaka 1867 daktari wa upasuaji wa London, Skey, aliandika gazetini kwamba mbio za makasia za Oxford na Cambridge zinaharibu miili ya vijana, moyo hasa. Ukazuka ubishi mkubwa. Daktari mwingine, John Morgan, mwenyewe mpiga makasia wa Oxford, akaamua kufuatilia watu wote waliopiga tangu 1829 hadi 1869. Watu 294. Akawaandikia barua walio hai, akauliza ndugu wa waliokufa. Akatoa kitabu 1873: kwa ujumla waliishi muda mrefu kidogo kuliko jedwali za bima zilivyotarajia.

Ila tujiulize: anayechaguliwa kwenye mashua ya chuo ni yule aliye mzima tangu mwanzo. Na kwao walikuwa na pesa za kula vizuri. Kwa hiyo kasia lilimponya, au mzima ndiye aliyeshika kasia? Mimi ni mtu wa maabara, sijashawishika.

#11 Pilipili Hoho

Mpiga makasia kafanya utafiti akagundua kupiga makasia ni kuzuri. Mimi nimefanya utafiti nimegundua chapati ni afya.

#12 Mamluki Mstaafu

#8 umegusa Harvard na Yale ila umeacha utamu. Marudiano yalikuwa 1855, na Yale wakalalamika: mshika usukani wa Harvard alikuwa ameshahitimu! Mamluki!!! Mashindano ya PILI tu katika historia ya vyuo vya Marekani, na tayari kuna mamluki.

Mimi mwenyewe naungama hapa kwa jina la bandia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma, nafanya kazi ya kupakia mchanga. Shule moja (siitaji, bado wapo) ikaniita nikachezee timu yao UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya. Nikapewa sare, nikapewa jina la mtoto mwingine, nikaambiwa nikiulizwa mwalimu wa darasa niseme ni wa kike. Tukafika nusu fainali. Mwamuzi ananitazama ndevu, ananitazama tena, anasema, "Wewe kidato cha ngapi?" Nikajibu, "Cha pili." Akacheka mwenyewe akapuliza filimbi. Tulifungwa moja bila, na goli lilipitia kwangu.

#13 Nahodha Mstaafu

#12 usukani ulishikwa na mtu sahihi kuliko wewe.

#14 Mwalimu Zamu

Nimefundisha miaka 22, karibu yote nikiwa mwalimu wa nidhamu. Mmesema kifo, vita, treni. Mmesahau fujo.

Vyuo vya wakati ule vilikuwa vinawaka moto. Princeton waligoma 1807, Yale waligomea chakula 1828, Harvard wakavunja madirisha na samani 1834. Ukiweka vijana wa miaka 17 mahali pamoja, baridi, chakula kibovu, wanakariri kutwa nzima, unategemea nini? Pale Harvard walikuwa na mchezo wa mpira mwanzo wa mwaka, wa mwaka wa pili dhidi ya wageni wa mwaka wa kwanza. Mpira ni jina tu, ilikuwa kupigana mateke. Mwaka 1860 walimu wakaupiga marufuku. Wanafunzi wakafanya nini? Wakafanya mazishi! Jeneza, maandamano, hotuba, wakauzika mpira na kibao cha kaburi kwa Kilatini kuonyesha kwamba marehemu kafariki akiwa na miaka 60.

Sasa tazama majira: ukumbi mpya wa mazoezi wa Harvard ulifunguliwa lini? Miezi hiyohiyo, 1859 kuelekea 1860. Unamnyang'anya mtoto fimbo, unampa mbao na piano. Mimi nilifanya hivyohivyo: bweni likianza kelele, nawapeleka kuzunguka uwanja mara kumi. Wanalala kama magunia.

#15 Bwana Ndivyo

#14 hoja nzuri, na ule ukumbi wa Harvard aliyeusimamia ni Dudley Sargent, yule aliyewahi kucheza sarakasi kabla ya kuwa daktari, aliyetengeneza mashine za kamba na mizani.

#16 Binti Mtoni

#15 HAPANA. Hilo kosa linarudiwa kila mahali na mimi huwa sinyamazi.

Sargent alifika Harvard 1879, ukumbi mwingine kabisa, Hemenway. Ule wa kwanza, tangu 1859, ulishikwa na Aaron Molyneaux Hewlett, mtu mweusi. Bondia, alikuwa na ukumbi wake Worcester kabla ya hapo. Alifundisha watoto wa matajiri wa Boston ngumi na viungo kuanzia miaka miwili kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, wakati utumwa bado ni sheria kusini mwa nchi yake. Akafanya kazi hadi kifo chake mwaka 1871. Binti yake Virginia aliolewa na Frederick Douglass mdogo, mtoto wa yule Douglass mpinga utumwa mnayemjua. Mwanawe Emanuel akawa mwanasheria.

Ipo picha yake. Amesimama, mikono imekunjwa, shati jeupe, pembeni kuna glovu za ngumi, virungu vya mbao, vyuma na mpira mzito. Macho yake hayakuombi kitu. Kila ninaposoma "Sargent ndiye baba wa mazoezi Harvard" naikumbuka ile picha.

#17 Bwana Ndivyo

Nimekosea, nimekubali. Asante dada.

#18 Siti ya Mbele

Bwana Ndivyo amekubali kukosea. Tarehe iandikwe.

#19 Mama Kikapu

Mnaongea kama vyuo vilikuwa vya wanaume tu.

Mwaka 1873 daktari wa Boston, Edward Clarke, alichapisha kitabu akidai msichana akisoma kama mvulana, damu inakwenda kichwani, uzazi unaharibika. Vyuo vya wanawake vikashikwa pabaya: wazazi wataogopa kuleta mabinti. Dawa ikawa mazoezi, na vipimo vya kuonyesha kwamba binti anatoka chuoni ana afya kuliko alivyoingia. Kwa hiyo kwa wanawake mazoezi yalikuwa ushahidi mahakamani. Hofu ya mleta uzi ipo, ila hapa ni hofu ya kufungiwa mlango.

Kisha Desemba 1891 James Naismith, pale Springfield, akapewa darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya kupanga mistari (sikieni, WALIOCHOSHWA), akatundika vikapu viwili vya matunda ya pichi, akaandika kanuni 13. Mchezo wa kwanza uliisha 1 kwa 0. Muda si mrefu Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi wa chuo cha wanawake cha Smith, akauchukua. Machi 1893 mwaka wa kwanza wakacheza na mwaka wa pili. Wanaume marufuku kuingia kutazama. Mpira ulirushwa juu kuanza tu, yule wa katikati wa mwaka wa kwanza akateguka bega. Wakaendelea. Ikaisha 5 kwa 4, mwaka wa pili wakashinda.

Berenson aligawa uwanja sehemu tatu, kila mchezaji abaki kwake, asichoke wala kugombana. Uwanja wa sehemu tatu. Umekukumbusha nini?

#20 Binti Mtoni

Netiboli!!!

#21 Mama Kikapu

Ndiyo. Kulikuwa na Mswidi, Martina Bergman-Österberg, aliyefungua chuo cha kufundisha wanawake ualimu wa mazoezi, Hampstead, London, 1885, kikahamia Dartford 1895. Wanafunzi wake wakapata mpira wa kikapu kutoka Marekani, wakaufinyanga: vikapu vikawa pete, uwanja sehemu tatu, kanuni zikachapishwa 1901. Walimu waliohitimu wakasambaa na mpira wao, hadi ukafika viwanja vyetu vya vumbi. Mimi nilicheza GA (mshambuliaji wa goli) miaka minne, pete yetu ilikuwa rimu ya baiskeli iliyochomelewa kwenye bomba la maji. Ikipigwa na jua la saa nane huwezi kuigusa.

#22 Wa Nakuru

Wadau, nisalimie kutoka Kenya. Mama Kikapu ameacha moja: ile nguo ya shule isiyo na mikono, ya mikunjo, tuniki, aliibuni mwanafunzi wa chuo hichohicho cha Österberg miaka ya 1890, Mary Tait. Ilikuwa nguo ya mazoezi! Wasichana waweze kuruka bila korseti. Sisi tulivaa tuniki nzito ya bluu, ukikimbia nayo inakushika mapaja. Mwalimu alitukataza kukimbia tukiwa tumeivaa ili isichakae.

#23 Pwani Raha

Narudi na la kwetu, lina ukoo na uzi huu.

Desemba 1857 Livingstone alihutubia Cambridge, akawaambia vijana wa vyuo waje Afrika. Ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, ile UMCA, ikahamia Unguja 1864, ikafungua skuli ya Kiungani. Waliokuja kufundisha wengi walitoka vyuo vilevile vya makasia na kriketi. Walikuja na fikra kwamba Mkristo mzuri lazima awe na mwili imara, mchezo unatengeneza tabia. Kabla karne haijaisha vijana wa Kiungani wanacheza mpira na kriketi. Babu yangu mzaa mama aliusikia kwa wakubwa zake: wazungu wa kanzu nyeusi wanapuliza filimbi, mtu akianguka wanampongeza kwa kuinuka.

Kwa hiyo sababu ya tano: dini.

#24 Mwalimu Zamu

#23 hiyo siyo ya tano, ni ile yangu ya nidhamu iliyovaa joho.

#25 Dawa Chungu

Na ile ya Bwana Ndivyo iliyovua bunduki.

#26 Mzee wa Kasia

Nimerudi kutoka kazini nakuta uzi umekuwa baraza.

Sijabadilika kuhusu Amherst, maana maelezo ya Stearns kwa wadhamini yanasema afya wazi. Lakini hili la #14 la mazishi ya mpira linanisumbua. Kama lengo lilikuwa afya tu, kwa nini Hitchcock alitaka darasa zima liende pamoja, na nahodha wake, sare zake? Mapafu hayahitaji sare.

Nimemsomea mdogo wangu uzi wote kwenye simu. Kasema tu: "Kumbe wao walikuwa na piano."

#27 Nahodha Mstaafu

Mwambie siku nne kwa wiki nusu saa. Yeye je?

#28 Mzee wa Kasia

Siku sita, dakika arobaini, na Jumamosi usafi.

#29 Chuma Zege

Jamani kabla hatujalala: kuna anayejua fundi wa kuchonga vile vya mbao, jozi moja, kilo mbilimbili? Ni kwa ajili ya bega. Piano ninayo kwenye simu.

#30 Pilipili Hoho

Mninga au mkongo? Mimi nina shemeji Keko, ila atakutengenezea kitanda kwanza.